Aliyefungua Bendera

Wapo wanaosema alifukuzwa kazi kwa ulevi, na wapo wanaosema alihongwa. Hao hawakumjua. Pombe hakuwahi kuionja, na wala si kwa ucha Mungu. Alipokuwa mtoto alimwona baba yake mdogo akiendesha baiskeli amelewa, akaingia nayo shimoni mbele ya wakwe zake. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mwenye usukani hana haki ya kuonja. Na kuhongwa, nani angemhonga mtu ambaye hata akiletewa zawadi ya soksi aliuliza mara mbili zimetoka wapi?

Kazini walimwita Sukani, na jina lilimkaa. Alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, mwenye maneno machache na hatua ndefu. Kofia yake ya kazi aliipiga brashi mwenyewe kila asubuhi. Mkewe hakuruhusiwa kuigusa, ingawa mkewe alikuwa mwalimu mkuu na katika mambo mengine yote ya nyumba ile neno la mwisho lilikuwa lake. Alianza na lori la posta, akahamia basi la wauguzi, na miaka mingi baadaye akaitwa ofisi kuu ya nchi, akakabidhiwa gari jeusi la Rais, ambaye watu wa ofisi ile walimwita Mkubwa wakiwa wenyewe, na Mzee wakiwa mbele yake.

Dereva mstaafu aliyemkabidhi ufunguo alimwachia wosia mmoja tu. "Macho mbele, masikio nyuma, mdomo uache nyumbani kwako." Sukani aliushika kama mtu anavyoshika dini. Mkubwa hakupenda kutazamwa anaposinzia, kwa hiyo kioo cha ndani kilikuwa kimeng'olewa, limebaki tundu la msumari. Mtu aliweza kumwendesha Mkubwa miaka nenda miaka rudi asiuone uso wake humo garini hata mara moja. Sukani alimjua kwa mengine: kikohozi kikavu, harufu ya dawa ya kuchua magoti, na namna gari lilivyoinama upande wa kushoto alipoketi, maana Mkubwa alikuwa mtu wa mwili.

Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa bendera. Juu ya boneti palikuwa na mlingoti mfupi wenye bendera ndogo, na bendera hiyo ilikaa ndani ya kifuko cha ngozi. Mkubwa akishaketi, mlinzi wake hufunga mlango na kugonga paa mara mbili. Hapo ndipo dereva hushuka, akavua kile kifuko kwa mikono yake mwenyewe, akarudi kwenye usukani. Mwingine yeyote hakuigusa bendera ile, hata Katibu wa ofisi, ambaye aligusa kila kitu. Ikipepea, Mkubwa yumo, na watu husimama barabarani. Ikifunikwa, gari lile ni bati kama bati jingine.

Huyo mlinzi naye walimwita Mlango, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa kufungua na kufunga. Alikuwa bonge la mtu, mpole kama kondoo, na alimpenda Mkubwa mapenzi ya mtoto kwa baba.

Ukaja mwaka mbaya. Makamu wa Rais alifariki, na kabla kiti chake hakijapata mtu, Mkubwa mwenyewe alianguka bafuni akapelekwa hospitali ya ng'ambo akiwa hajitambui. Nchi ikabaki kama nyumba ambayo baba na kaka mkubwa wametoka na hakuna aliyeaga. Sheria haikuwa na kigugumizi. Katika kitabu cha uraia alichofundishia mkewe Sukani iliandikwa, na watoto waliikariri kwa wimbo: Rais asipokuwepo, Makamu, Makamu asipokuwepo, Spika wa Bunge. Spika wakati ule alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkunga, mwenye sauti ya kubembeleza na mkono wa chuma. Ilikuwa imebaki siku ya kumwapisha tu. Ndipo ndege ya serikali ikatua na mizigo ya Mkubwa, na kabla jua halijazama mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba amerudi.

Asubuhi iliyofuata Sukani alilitoa gari, akalisimamisha mbele ya ngazi kama kawaida. Akaangalia mbele. Akasikia hatua za Mlango zikishuka. Akasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kimya kidogo, kisha ukifungwa. Paa likagongwa mara mbili.

Akashuka, akavua kifuko. Bendera ikajikunjua.

Juu, kwenye dirisha la ghorofa, alimwona Katibu akichungulia, kisha pazia likaanguka. Geti likafunguliwa bila mtu kuuliza kitu. Mlango akaketi kiti cha mbele, wakatoka.

Barabarani watu walisimama. Fundi viatu alisimama na kiatu cha mtu mkononi. Wanawake waliokuwa wakifagia mbele ya maduka waliinua mafagio yao. Walizunguka njia ya kila siku, wakapita Bungeni, wakapita hospitali kuu, wakarudi. Njia nzima Sukani alingoja kikohozi, hakikuja. Harufu ya dawa haikuwepo. Na gari halikuinama. Lilikwenda limenyooka, jepesi, kama lililotoka kiwandani jana. Sukani alijiambia kwamba ugonjwa unakondesha.

"Mzee, kona hiyo," Mlango alisema mara moja, kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Ndivyo alivyosema siku zote penye kona kali. Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, akaitikia kwa kichwa.

Siku zikaenda hivyo. Kila asubuhi mlango, kimya, mlango, paa. Kila asubuhi kifuko kikavuliwa. Na ofisini mambo yakaenda pia. Katibu alitoa maagizo, barabara zikachimbwa, walimu wakahamishwa, mtu mmoja akafungwa na mwingine akafunguliwa. Kila karatasi ilitoka ikiwa na maneno kwamba Mkubwa ameridhia.

Jambo lililomtisha Sukani zaidi halikuwa ule wepesi wa gari. Lilikuwa watu. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, na kioo cheusi humwonyesha mtu anachokitaka. Jirani yao, mama muuza mkaa, alimsimamisha getini.

"Baba, leo nimemwona Mzee. Amenipungia mkono."

"Amekupungia?"

"Huu hapa, wa kulia. Ila amekonda jamani, pete inamcheza kidoleni."

Kesho yake mwingine alimwona akicheka. Mwingine akamwona amevaa koti la kijivu. Wote waliapa, na wote walikuwa watu wazima wenye akili zao.

Shemeji yake tu, kaka wa mkewe, fundi redio mwenye ulimi mkali, ndiye aliyeuliza vingine. Alikuja Jumapili, akaketi bila kukaribishwa kama walivyo mashemeji.

"Haya, shemeji. Wiki hii umebeba mtu au umebeba upepo?"

"Nimefanya kazi yangu."

"Sijauliza kazi. Bibi yangu naye alikuwa anatwanga kinu kitupu njaa ikiingia, ili majirani wasijue hana kitu. Kazi alifanya, tena kwa jasho. Ila jioni sisi tulilala njaa."

"Kaka, mwache mume wangu," mkewe akasema, akiweka chai mezani kwa kishindo kidogo. "Akisema yumo, yumo. Nimewaambia hata watoto darasani. Kuna mmoja aliniuliza, mwalimu, kitabu kinasema Spika, mbona Spika hajaapishwa? Nikamjibu: Rais yupo, mume wangu mwenyewe anamwendesha kila siku. Darasa zima likapiga makofi."

Sukani aliweka kikombe chini bila kunywa. Katika ukoo wao, tangu babu yake, watu walipogombana juu ya mpaka wa shamba walimwita mtu wa nyumba ile aseme alichokiona, na ugomvi uliishia hapo. Hawakuwa na mali. Walikuwa na hilo. Sasa neno lake limeingia darasani, limeandikwa katika vichwa vya watoto wa watu, na yeye mwenyewe hakuwahi kulisema.

Shemeji alipoondoka mkewe aliketi kitako mbele yake.

"Baba, yumo au hayumo?"

"Mwalimu, mimi siangalii nyuma. Unajua."

"Najua huangalii. Nakuuliza, huangalii kwa sababu ya mwiko, au kwa sababu hutaki kuona?"

"Nisichokiona siwezi kukishuhudia. Nikiulizwa, nitasema sijui, na itakuwa kweli."

"Itakuwa kweli ya mwanasheria," alisema mkewe. "Sikuolewa na mwanasheria." Akainuka akaenda kusahihisha madaftari, na usiku ule hakumtania kama kawaida yake.

Ndivyo alivyokuwa amejijengea ukuta. Watu wengine wangegeuza shingo siku ya kwanza. Lakini dereva aliyezoeshwa miaka yote kutotazama hufika mahali akadhani kwamba kutotazama ni aina ya uaminifu. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya serikali, watoto wawili walikuwa chuoni, na shingo, ikishazoea kukaa sawa, haigeuki kwa urahisi.

Ilikuwa siku ya jua kali walipokuta mtu amesimama katikati ya barabara mbele ya geti la Bunge. Watu wote walikuwa pembeni, wamenyooka kwa heshima ya bendera. Huyu alisimama katikati. Alikuwa Mama Spika, amevaa joho lake jeusi, mikono nyuma, peke yake. Sukani alikanyaga breki. Gari la bendera halikuwahi kusimamishwa na mtu tangu akabidhiwe.

Mama Spika alikuja dirishani kwa Mlango.

"Habari za kazi, mwanangu."

"Nzuri, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nifungulie nimsalimie Mzee."

"Amepumzika, Mama. Ndiyo kwanza usingizi umemchukua."

"Sitamwamsha. Nimekesha na wagonjwa wengi kuliko wewe."

Mlango alitikisa kichwa. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. Mama Spika akazunguka mbele ya gari taratibu, akaipita bendera bila kuigusa, akaja upande wa dereva. Sauti yake ilikuwa ileile ya kubembeleza.

"Baba, bendera hii nani ameifungua?"

"Mimi, Mama."

"Leo asubuhi nimeongea kwa simu na mke wa Mzee. Ameketi kando ya kitanda chake huko ng'ambo, amemshika mkono. Mzee hajawahi kutoka kitandani. Sasa mimi siulizi kama Mzee yumo humu. Nauliza huyu aliyemo humu ni nani."

Watu pembeni walikuwa wamesikia. Hakuna aliyesogea. Sukani alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi katika gari lile: kwamba nyuma yake, karibu kabisa na kisogo, mtu anangoja kusikia atajibu nini. Neno alilolitayarisha lilikuwa mdomoni. Sijui, Mama. Lilikuwa la kweli. Lingempeleka nyumbani, lingelinda nyumba yenyewe na karo ya chuo, na kesho yake darasa lingeendelea kupiga makofi.

Alishuka. Akaenda mlango wa nyuma, mlango ambao haukuwa wake kuufungua.

"Usimtie upepo," Mlango alinong'ona nyuma yake. "Tafadhali, kaka. Usimtie upepo."

Sukani akafungua.

Mkanda ulikuwa umefungwa. Ulipita juu ya kiti, ukashuka, ukaingia mahali pake kwa utaratibu, na haukuwa umekumbatia kitu. Shuka jembamba lilikuwa limetandikwa pale magoti yanapokaa. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea, bonde la mtu mzito aliyeketi hapo miaka, na bonde lilikuwa tupu. Sukani aliingiza mkono. Pale katikati palikuwa pa vuguvugu. Ni jua, alijiambia baadaye. Lakini vioo vile vilikuwa vyeusi.

Akatoa mkono, akasimama wima, akasema kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Hakuna mtu. Sijambeba mtu leo, wala jana, wala siku yoyote tangu ile ndege ilipotua."

Akaenda mbele ya gari, akachukua kifuko cha ngozi, akaifunika bendera na kufunga kamba yake.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Spika alivuta pumzi kama mkunga anayesikia mtoto amelia, akasema, "Ahsante, baba. Jaji Mkuu yuko safarini kutoka mikoani, anafika saa kumi. Nitaapishwa hapo. Nendeni polepole." Akarudi ndani ya geti.

Ajabu ni kwamba njia ya kurudi watu waliendelea kusimama. Bendera imefunikwa, na bado walisimama. Penye taa za barabarani gari lilikwama, na mzee mmoja mwenye fimbo akainama upande wa dirisha la dereva.

"Shikamoo, Mzee."

Sukani hakujua anasalimiwa nani. Mwenye fimbo alikuwa amemzidi umri, na macho yake yalimtazama yeye moja kwa moja. Salamu haiachwi hewani.

"Marahaba," akasema.

Pembeni yake Mlango, aliyekuwa akilia kimya kimya njia nzima, aliacha kulia. Akajifuta uso, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini kama alivyokaa siku zote Mkubwa akiwa garini. Kona kali ilipofika alisema kwa sauti ya chini, "Kona hiyo." Safari hii alikuwa amemgeukia Sukani.

Ofisini Katibu alikuwa ameshapata habari. Sukani alipoingia na ufunguo mkononi, Mlango akimfuata nyuma, Katibu alisimama. Mtu yule hakuwahi kuinuka kwa heshima ya dereva.

"Nani alikwambia amerudi?" Sukani aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nangoja niambiwe. Asubuhi ile nikachungulia nikaona bendera imefunguliwa. Bendera ikifunguliwa ningeuliza nini? Nikampa Mlango karatasi, akazipeleka garini, zikarudi. Nikajua ameridhia."

Wote wawili wakamgeukia Mlango.

"Mimi nilikuwa nafanya mazoezi," Mlango akasema. "Siku zote Mzee akisafiri nafanya mazoezi, nisisahau. Nafungua, nafunga, nagonga. Wewe huwa huna habari, gari liko gereji. Siku ile ulikuwa umelileta ngazini. Nikagonga, ukashuka ukafungua bendera. Nikasema basi, Sukani ameambiwa jambo kutoka juu, mimi sijaambiwa. Nani mimi nimuulize mtu wa bendera? Nikafanya kazi yangu. Kazi ikifanywa nusu inaonekana, kwa hiyo nikamfunga na mkanda."

"Na karatasi?"

"Naziweka kitini. Tukirudi nazichukua." Akafikiri kidogo. "Zilikuwa zimepangwa vizuri."

Kila mmoja alikuwa amemwamini mwenzake, na mnyororo ulipovutwa mpaka mwisho, mkono ulioushika ulikuwa wa dereva. Barabara zilizochimbwa, walimu waliohamishwa, mtu aliyefungwa. Juu yake hapakuwa na mtu mwingine.

"Sasa tufanye nini?" Katibu aliuliza. Bado alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika kalamu.

Sukani akaweka ufunguo juu ya meza, na kofia kando yake.

"Mtu aliyefungwa afunguliwe. Mengine yangojee saa kumi."

Katibu akaandika.

Hivyo hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe, kabla ya chakula cha mchana, akarudi nyumbani kwa miguu, kichwa wazi. Mkewe alikuwa ametangulia kufika, maana habari zilifika shuleni kabla ya kengele. Alimkuta amekaa ukumbini na nguo zake za kazi, amebana midomo.

"Umesema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Kwa sauti?"

"Muuza mkaa amesikia. Na kama amesikia yeye, nchi imesikia."

Mkewe akashusha pumzi. "Itabidi tuhame nyumba hii."

"Itabidi."

"Hewala. Paa linavuja." Akainuka akamwekea chakula, akakaa mkabala naye, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi mchana. Baada ya muda akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Mama Spika ataapishwa saa kumi. Sasa hivi nani anatawala?"

"Sasa hivi hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Wakanyamaza wasikilize. Barabarani gari lilipita, likapunguza mwendo kwenye tuta, likaendelea. Mama muuza mkaa alikuwa akimbishia mteja. Mahali fulani mtu aligonga msumari, akatulia, akagonga tena. Kila kitu kilikwenda kama kilivyokwenda jana na juzi, na hilo ndilo lililomfanya mwalimu mkuu, mwanamke asiyeogopa kitu, avute kiti chake karibu na cha mumewe.